Mfahamu Korsakoff, daktari aliyeona pombe inavyofuta kumbukumbu

Kwenye machimbo ya dhahabu Geita na Shinyanga, mchimbaji mnywaji akianza kusahau hata alichofanya asubuhi, maneno huwa mengi: karogwa huyo, au ni muongo tu. Kumbe tatizo hilo lina jina, na ni jina la daktari wa Urusi, Sergei Korsakoff.

Alizaliwa mwaka 1854 Gus-Khrustalny, mji uliokua kwa sababu ya kiwanda cha vioo. Baba yake alikuwa meneja wa kiwanda hicho. Mwaka 1875 alihitimu udaktari Moscow, akaanza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Enzi hizo wagonjwa walifungwa kamba na kuvalishwa nguo za kuwabana. Korsakoff alipinga, akataka watibiwe kama binadamu wengine.

Mwaka 1887 aliandika utafiti kuhusu watu waliopooza kwa sababu ya pombe. Aliona kwamba miguu inapokosa nguvu, kumbukumbu nayo huweza kuondoka. Mgonjwa anakumbuka ya ujanani, lakini hajui kama amekula muda mfupi uliopita. Pengo hilo hulijaza kwa hadithi, na mwenyewe anaziamini. Hadanganyi, ubongo umeumia.

Mwaka 1897, kwenye mkutano wa madaktari Moscow, Mjerumani Friedrich Jolly alipendekeza ugonjwa huo uitwe kwa jina lake. Mwaka 1900 Korsakoff alifariki, akiwa na miaka 46 tu.

Alikufa bila kujua chanzo chake. Baadaye ikajulikana ni upungufu wa vitamini B1. Anayeshinda na gongo hali vizuri, na pombe yenyewe huzuia mwili kuipata vitamini hiyo.

Dalili za mwanzo ni kuchanganyikiwa, kuyumba hata kama hajalewa, na macho kuchezacheza. Huyo akimbizwe hospitali achomwe sindano za B1. Akicheleweshwa, kumbukumbu inaweza isirudi tena.

Na aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake. Anaweza kutetemeka, kupata degedege, hata kufa. Aende kituo cha afya, asaidiwe kwa dawa hadi mwili utulie.

Kamba alizozipinga Korsakoff bado zipo kwenye baadhi ya nyumba. Mgonjwa wa pombe hahitaji kamba wala matusi, anahitaji tiba.