Nils Bohlin na Mshipi wa Kuokoa Roho

Kila aingiaye garini huuona mshipi wa usalama ukining'inia ubavuni mwa kiti. Walakini ni wachache wamjuao aliyeupa umbo hilo tulilolizoea. Huyo ni marehemu Nils Bohlin, mzaliwa wa mji wa Härnösand, nchini Uswidi.

Bohlin alizaliwa tarehe 17 Julai 1920. Alihitimu masomo ya uhandisi wa mitambo mwaka 1939, na mwaka 1942 akaajiriwa na kampuni ya ndege ya Saab. Huko alishughulika na viti vya kumrusha rubani nje ya ndege inapokuwa taabani. Kazi hiyo ilimfundisha jinsi mwili wa binadamu unavyostahimili kishindo.

Mwaka 1958 kampuni ya magari ya Volvo ilimchukua awe mhandisi wake wa usalama. Zama hizo mshipi wa gari kwa kawaida ulikuwa wa kiunoni, na bizimu yake hukaa juu ya tumbo. Gari likigonga, kifua na kichwa huenda mbele, na mshipi wenyewe huumiza matumbo. Marubani walikuwa na mishipi madhubuti zaidi, lakini dereva wa kawaida hangekubali kufungwa kamba nyingi namna ile. Bohlin akatambua kwamba dawa yafaa iwe nyepesi, mtu aweze kujifunga kwa mkono mmoja. Akapitisha utepe kifuani na mwingine nyongani, zikutane chini kando ya kiti. Hivyo kishindo kikabebwa na mifupa, si na tumbo.

Tarehe 13 Agosti 1959 gari la kwanza lenye mshipi huo lilifikishwa kwa muuzaji wa mji wa Kristianstad. Volvo, iliyokuwa na haki ya uvumbuzi huo, iliwaruhusu watengenezaji wengine wote kuutumia bila malipo.

Hata hivyo, watu wengi waliudharau. Mwaka 1967 Bohlin akawajibu kwa hesabu ya ajali 28,000 za Uswidi: waliojifunga hawakufa katika mwendo wa chini ya kilomita 96 hivi kwa saa, na wasiojifunga walikufa hata katika mwendo mdogo. Mwaka 1970 jimbo la Victoria, Australia, likalazimisha watu kujifunga. Hapa kwetu abiria wa matatu walianza kubanwa na sheria hiyo mwaka 2004.

Bohlin alistaafu mwaka 1985, akafariki tarehe 21 Septemba 2002, akiwa na umri wa miaka 82.

Liko jambo moja katika kazi yake ambalo husahauliwa sana. Mshipi uliomzuia mtu katika ajali kubwa umemaliza kazi yake. Nyuzi zake hunyooka ili kupunguza kishindo, wala hazirudi zilivyokuwa. Katika magari mengi ya sasa imo baruti kidogo ya kuukaza mshipi, nayo hulipuka mara moja tu. Ndiyo sababu watengenezaji huagiza mshipi kama huo ubadilishwe. Lakini mara nyingine gari lililogongwa hunyooshwa bodi, likapakwa rangi hata likang'aa, kisha likauzwa na mshipi ule ule.

Basi mnunuzi asitazame rangi pekee. Na auvute mshipi mpaka mwisho, aangalie kama umechanika, umekwaruzika au nyuzi zimevutika, kisha autie bizimu aone kama washika. Auvutapo kwa ghafula, sharti ugome. Atazame pia kama taa ya mfuko wa hewa yawaka bila kuzima. Akishuku, ampelekee fundi amwaminiye kabla hajatoa pesa.

Kwa upande wa muuzaji, dini yetu imekataza kuficha aibu ya kinachouzwa. Na aibu hii si ya mkwaruzo wa mlango. Ni ya roho ya mtu na watoto wake. Mshipi wa Bohlin ulitolewa bure ili roho zihifadhiwe. Si haki uuzwe ukiwa umekufa.