ABU KAMIL NA NDEGE MIA MOJA

Ikitajwa aljebra jina linalokuja kwanza ni Al-Khwarizmi wa Baghdad. Aliyeipokea kazi yake na kuipeleka mbele ni Abu Kamil Shuja bin Aslam, aliyeishi takriban kati ya 850 na 930. Aliitwa al-Hasib al-Misri, yaani mpiga hesabu wa Misri. Habari za nyumbani kwake ni chache mno. Tunamjua kwa vitabu vyake.

Kimoja ni kitabu cha hesabu za ndege. Una dirham 100, nunua ndege 100, na kila aina awepo. Bata ni dirham 5, kuku dirham 1, shomoro 20 kwa dirham 1. Nusu ndege haiuzwi, kwa hiyo jibu lazima liwe namba nzima. Jibu ni moja tu: bata 19, kuku 1, shomoro 80. Hebu jumlisha mwenyewe!

Watu wa zama zake walipenda kuulizana maswali kama haya, lakini walijibu kwa kubahatisha, bila kanuni. Basi likaja swali la aina tano: bata dirham 2, kuku dirham 1, njiwa 2 kwa dirham, hua 3 kwa dirham na videge 4 kwa dirham. Hapo hesabu inakubali tu ikiwa hua wanagawanyika kwa 3 na videge kwa 2. Abu Kamil akafuata njia hiyo hatua kwa hatua, akapata majibu 2,676! Habari ikaenea, na wasiomjua wakamshuku. Yeye aliandika kitabu kuwaonyesha njia, akaweka humo hata swali lisilo na jibu kabisa.

Leo programu ya aljebra kwenye kompyuta inamaliza swali hilo kufumba na kufumbua. Majibu ni 2,678. Kumbe mzee wetu, kwa mkono na subira, alikosa mawili tu!

Kitabu chake cha aljebra kilifika Ulaya, na Leonardo wa Pisa, yule Fibonacci, alifaidika nacho alipoandika Liber Abaci mwaka 1202.

Vijana wenzangu, ukipata jibu moja usifunge daftari. Jiulize: yamebaki mangapi, na nitajuaje kuwa yamekwisha?