Harold Vanderbilt

Harold Stirling Vanderbilt (6 Julai 1884 – 4 Julai 1970) alikuwa tajiri wa reli na nahodha wa mashua za tanga kutoka Marekani. Anakumbukwa hasa kwa kutunga kanuni za briji ya mkataba, mchezo wa karata unaochezwa katika nchi nyingi duniani.

Maisha

Alizaliwa Oakdale, jimbo la New York, akiwa mtoto wa mwisho wa William Kissam Vanderbilt na Alva Erskine Smith. Utajiri wa familia ulitokana na meli na reli za Cornelius Vanderbilt, baba wa babu yake. Harold alihitimu Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1907, akasomea pia sheria, kisha akaingia katika kampuni ya reli ya New York Central. Mwaka 1933 alimwoa Gertrude Conaway. Hawakupata watoto.

Akiwa nahodha, alishinda Kombe la Amerika mara tatu: mwaka 1930, 1934 na 1937.

Briji ya mkataba

Briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili. Kila mchezaji hupewa karata 13, hivyo kuna mizunguko 13 ya kushindania. Kabla ya kucheza hufanyika mnada, ambamo kila upande hutaja idadi ya mizunguko unayoahidi kushinda na aina ya turufu. Kushinda mizunguko 12 huitwa slamu ndogo, na yote 13 slamu kuu.

Katika briji ya zamani, mizunguko iliyoshindwa ilihesabiwa hata kama haikuahidiwa. Hivyo hapakuwa na sababu kubwa ya kuahidi mingi. Mwaka 1925, akisafiri kwa meli ya Finland kupitia Mfereji wa Panama, Vanderbilt aliwajaribisha rafiki zake kanuni mpya: zawadi kubwa hupatikana tu kwa kilichoahidiwa mnadani.

Kutafuta slamu

Kanuni hiyo ilizaa uamuzi mgumu kuliko mwingine wote katika mnada: kutulia au kutafuta slamu. Kwa hesabu ya mashindano ya sasa, upande ulio hatarini ukiahidi mizunguko 10 kwa turufu ya kopa na kushinda 12, hupata alama 680. Ungeahidi 12, ungepata 1,430. Lakini ukiahidi 12 na kushinda 11, hupoteza 100, wakati ahadi ya 10 ingeleta 650. Faida na hasara ni sawa, yaani 750. Kwa hiyo slamu ndogo hufaa ikiwa uwezekano wa kufaulu ni angalau nusu. Slamu kuu huhitaji takriban theluthi mbili.

Ili wenza waelezane nguvu za karata mapema, Vanderbilt alibuni utaratibu ambamo kutaja pau moja humaanisha karata zenye nguvu nyingi, na jibu la uru moja humaanisha udhaifu. Aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1929. Baadaye Easley Blackwood alibuni njia ya kumwuliza mwenza ana ree ngapi kabla ya kuahidi slamu.

Kifo na kumbukumbu

Vanderbilt alifariki Newport, Rhode Island, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 86. Kombe la briji alilolitoa mwaka 1928 linashindaniwa hadi leo. Yeye mwenyewe alilishinda mwaka 1932 na 1940.