Mkono wa Mchoraji Hufunzwa kwa Mazoea

Juma lililopita binti yangu alitupa penseli akaapa kutochora tena. Kiganja alichokusudia kukichora kilitoka mfano wa muhogo. Nami, badala ya kumliwaza, nilimwambia kwamba uchoraji ni kipaji, na asiyezaliwa nacho hujisumbua bure. Usiku huo niliyajutia maneno yangu, kwani nilimkumbuka Vincent van Gogh.

Mholanzi huyu alizaliwa mwaka wa 1853. Alifanya kazi katika biashara ya picha, akawa mwalimu, kisha mhubiri miongoni mwa wachimbaji wa makaa ya mawe huko Borinage, Ubelgiji. Kote huko mambo yalimwendea mrama. Ndipo mwaka wa 1880, akiwa na umri wa miaka 27, alipoazimia kuwa mchoraji, ilhali mkono wake ulikuwa mzito kama wa mwanafunzi yeyote.

Je, alifanyaje? Alichukua mazoezi yaliyotungwa na Charles Bargue, akanakili ukurasa baada ya ukurasa. Alipomaliza, alianza upya. Mwaka uliofuata, kijijini Etten, aliwachora wakulima wakilima na wakipanda mbegu, mtu yule yule mara nyingi, hadi mgongo ulioinama ulipoonekana umeinama kweli. Rangi alizipa nafasi ndogo kwanza, kwa kuwa aliuona mchoro kuwa ndio mzizi. Nduguye Theo alimkimu kwa fedha.

Alipofariki mwaka wa 1890, aliacha michoro zaidi ya 1,000 na picha za rangi zaidi ya 800, kazi ya miaka kumi tu. La ajabu ni kwamba katika mwaka huo wa mwisho, akiwa bingwa, aliyarejea mazoezi yale yale ya Bargue.

Sisemi kwamba kila arudiaye zoezi atakuwa Van Gogh. Nasema tu kwamba sisi wazazi hatuna haki ya kukihukumu kipaji ambacho hakijapewa mazoea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nimemwomba binti yangu radhi. Tumeafikiana: nusu saa kila jioni, mistari, duara, kikombe na kivuli chake. Kila karatasi itatiwa tarehe, wala hakuna itakayochanwa, hata ile ya muhogo. Nami nimenunua penseli mbili.