Mzee wa Reli Aliyegeuka Mwanafunzi wa Maji

Msafiri wa garimoshi atokaye Itigi kuja Tabora hupita nyika ya Mgunda Mkali. Wapagazi wa misafara ya zamani waliihofu nyika hiyo kwa uhaba wa maji, na kambi zao zilifuata visima. Ni dhahiri, basi, kwamba wazee wetu walikuwa na elimu ya maji kabla ya kuja mgeni mwenye vyombo vya kupimia. Mmoja wa wageni waliotambua uzito wa elimu hiyo ni Clement Gillman.

Gillman alizaliwa Madrid mwaka 1882, akasomea uhandisi Zurich, na mwaka 1905 akaja kufanya kazi katika ujenzi wa Reli ya Kati enzi za Wajerumani. Reli hiyo, iliyojengwa kwa jasho la maelfu ya Waafrika, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa kuwa injini za mvuke haziendi bila maji, mhandisi wa reli hakuwa na budi kujua maji yalipo. Chini ya Waingereza, mwaka 1928, akawa Mhandisi Mkuu wa Reli.

Hatumtukuzi mtumishi wa tawala mbili za kikoloni. Tunachokitaka ni elimu yake. Mwaka 1936 alitoa ramani ya wakazi wa Tanganyika, iliyodhihirisha kwamba karibu theluthi mbili ya watu waliishi katika takriban sehemu moja ya kumi ya nchi, penye maji ya kutosha. Alipoacha kazi ya reli, alifanywa Mshauri wa Maji wa Serikali. Alishikilia kwamba maji, udongo, uoto na maisha ya watu ni jambo moja. Anayechimba kisima pasipo kutazama ardhi inayokizunguka amefanya nusu ya kazi. Alifariki mwaka 1946. Wengi hulijua jina lake kwa kituo cha Gillman kilicho ukingoni mwa kilele cha Kibo, ilhali urithi wake mkubwa upo huku nyikani.

Mwaka 1971 Taifa letu lilikusudia kuwafikishia wananchi wote maji katika miaka 20. Lengo halikutimia, lakini juhudi hazikukoma: leo maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora kwa bomba, kuongezea yale ya mabwawa ya Igombe na Kazima. Hata hivyo, miyombo yetu inateketea kwa kukaushia tumbaku na kwa mkaa. Ardhi ikibaki uchi, mvua huondoka na udongo, na udongo hulijaza bwawa.

Hivyo basi, kila kijiji hakina budi kulinda msitu wa chanzo chake kama kinavyolinda ghala la chakula. Bomba ni kazi ya Serikali. Chanzo ni amana yetu sote, na mwenye kupewa amana ataulizwa.