McIndoe: Daktari aliyerudi kuwa mwanafunzi, akarejesha sura za marubani

WATU wanaotaka kurekebishwa pua au kope huuliza kwanza bei, kisha huomba kuonyeshwa picha za waliowatangulia. Ni wachache wanaouliza daktari alifunzwa wapi na nani, ingawa hapa Kenya sajili ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno iko wazi kwa umma. Archibald McIndoe, mmoja wa mabingwa wakubwa wa fani hiyo katika karne iliyopita, alipofika London mnamo 1930 alikosa kazi licha ya vyeti alivyobeba.

Alizaliwa Mei 4, 1900 mjini Dunedin, New Zealand, mwana wa mpigachapa na mama mchoraji. Baada ya kuhitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago, alipata nafasi ya masomo katika hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, mwaka wa 1924. Nafasi yenyewe ilikuwa ya kapera, naye ndiyo kwanza ameoa. Ikambidi aifiche ndoa na kumwacha mkewe nyumbani kwa muda. Huko alijipatia sifa kwa utafiti wa maradhi ya ini. Hakuwa daktari wa sura.

Mpasuaji mashuhuri wa Uingereza, Moynihan, ndiye aliyemshawishi ahamie huko. Aliyemwokoa, hata hivyo, ni jamaa yake Harold Gillies, aliyewatibu wanajeshi waliopasuliwa nyuso katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Siku hizo hapakuwa na mtihani maalumu wa upasuaji wa plastiki. Njia ilikuwa kusimama kando ya anayejua, siku baada ya siku, mpaka mkono uzoee. McIndoe, aliyekwisha kuwa mpasuaji kamili, alikubali kuwa mwanafunzi tena. Mnamo 1932 alitunukiwa ushirika wa Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji, na 1938 akateuliwa mshauri wa Jeshi la Wanahewa.

Vita vilipozuka 1939, Uingereza nzima ilikuwa na wataalamu wanne tu wenye tajriba kamili ya kazi hiyo. McIndoe alipelekwa Hospitali ya Queen Victoria, East Grinstead, nao marubani walioungua walianza kuletwa. Tiba ya wakati huo ilikuwa asidi ya taniki, iliyokausha kidonda kikawa gamba gumu na kuvikunja vidole. McIndoe aligundua kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri zaidi. Akapiga vita asidi hiyo, akawaogesha wagonjwa kwa maji ya chumvi, kisha akaanza kazi ndefu ya kupandikiza ngozi. Wapo waliopasuliwa zaidi ya mara ishirini.

Alikataa kuwavisha sare za wagonjwa, akaruhusu pipa la bia wodini, na kuwasihi wenyeji wawakaribishe majumbani bila kuwakodolea macho. Wakubwa hawakupendezwa na hayo yote, lakini yeye alibaki raia, asiyeamrishwa kijeshi. Mnamo 1941 wagonjwa hao waliunda Guinea Pig Club, jina la mzaha kutokana na mnyama mdogo wa majaribio ya maabara. Vita vilipokwisha, wanachama walikuwa 649.

Mwaka wa 1947 alipewa hadhi ya Sir. Matajiri na watu wa jukwaani walimiminika kwake kutengenezwa pua, na hakuona haya kuwatoza. Mkono uliowapunguza pua ni ule ule uliowajengea wengine pua mpya kutoka kwa ngozi ya paji la uso.

Alikuwa pia na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ni huko, mnamo 1956, ambako yeye, Michael Wood wa Nairobi na Mmarekani Tom Rees, wote wapasuaji wa plastiki, walizungumzia namna ya kuwafikishia wanavijiji matibabu kwa ndege. Mwaka uliofuata Flying Doctors ikaanzishwa, chimbuko la shirika la AMREF.

McIndoe aliaga dunia usingizini Aprili 1960, akiwa na umri wa miaka 59. Majivu yake yalizikwa katika St Clement Danes, kanisa la Wanahewa jijini London.