Paul Robeson: Kikapu, Vitabu na Pasipoti

Ndugu zangu mliopita shule hii, nanyi vijana mlio madarasani: zamani zetu mwanafunzi aliyependa mpira wa kikapu alihesabiwa kuwa masomo yamemshinda. Nami nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo namkumbuka Paul Robeson.

Alizaliwa Princeton, Marekani, mwaka 1898, mtoto wa mchungaji aliyetoroka utumwani. Mwaka 1915 aliingia chuo cha Rutgers, ambako weusi walihesabika kwa vidole. Alipojaribu kujiunga na timu ya mpira wa Kimarekani, Wazungu wa timu ile ile walimvunja pua. Alirudi uwanjani. Akachezea chuo kikapu, besiboli na riadha pia, na mwaka 1919 ndiye aliyetoa hotuba ya wahitimu.

Alisomea sheria Columbia, akijipatia fedha kwa kucheza mpira wa kulipwa. Alipoajiriwa, karani Mzungu alikataa kuandika maneno ya mtu mweusi. Akaiacha kazi ile. Sheria ikampoteza, jukwaa likampata: mwaka 1943 aliigiza Othello huko New York, maonyesho 296. Kabla ya hapo, akiwa London, alijifunza Kiswahili chetu. Hilo lilinifurahisha kuliko vikombe vyote.

Kwa sababu ya siasa zake, serikali ilimnyang'anya pasipoti mwaka 1950, isimrudishie hadi 1958. Alifariki mwaka 1976. Jumba la heshima la wachezaji wa mpira wa vyuo lilimpokea mwaka 1995.